Mzee anapolalamikia mwili, mwulize na habari za moyo

Mzee anafika dirisha la wazee mara ya tatu ndani ya mwezi. Kifua kinabana, usingizi haupati, mwili hauna nguvu. Vipimo havionyeshi kitu, anarudishwa nyumbani na panadol. Sisi wauguzi wa afya ya akili tunaomba ujio huo wa tatu upewe uzito. Wazee wetu wengi hawasemi wana huzuni. Husema "nina mawazo", au huonyesha panapouma. Huku nyumbani hamu ya kula imekwisha, msikitini au kanisani haonekani, hata mifugo yake haiulizii tena.

Hiyo huweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa takribani asilimia 14 ya watu wenye miaka 60 na zaidi wana tatizo la afya ya akili. Kwa walionusurika kiharusi, karibu mmoja kati ya watatu hupata sonona. Ni ugonjwa, na unatibika. Uzee peke yake haumwondolei mtu hamu ya kuishi.

Mazungumzo huanza na shikamoo, kisha keti. Usimhoji umesimama mlangoni na faili mkononi. Uzeeni masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo kupaza sauti mara nyingi huzidi kuyavuruga maneno. Ishushe iwe nzito, akuone midomo, uliza jambo moja, kisha subiri. Wapo wanaodhaniwa wamepoteza kumbukumbu kumbe masikio yamejaa nta.

Linaloniumiza zaidi ni kumsemesha mzee kama mtoto mchanga: "Haya bibi, tumeze kakidonge ketu." Tafiti zilizofanywa katika nyumba za wazee huko Kansas, Marekani, zilionyesha kuwa wagonjwa wa dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu, wakisemeshwa hivyo huikataa huduma zaidi. Aliyesuluhisha ugomvi wa ukoo mzima anatambua anapodharauliwa, hata kama jina lako halikumbuki.

Ndugu aliyemleta msikilize, mshukuru, halafu mwombe akupishe kidogo. Kanda ya Ziwa, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni aliweza kuitwa mchawi na kutishiwa maisha. Hofu ya namna hiyo hataitaja mbele ya mkwe. Wengine wananyimwa chakula, au shamba lao limeuzwa bila wao kujua.

Mkiwa wawili, uliza waziwazi: "Mama, umefika mahali pa kuona heri ufe? Umewaza kujidhuru?" Swali hili halimpandikizii wazo, wengi hupumua kwa kupata wa kumwambia. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za shambani ziondolewe nyumbani, na amwone daktari siku hiyohiyo.

Jambo jingine familia zilijue. Mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, leo anaongea yasiyoeleweka, mchana amelala na usiku anahangaika, hiyo ni dharura ya mwili. Chanzo huweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au dawa mpya aliyoanzishwa. Mwahisheni hospitali, na mje na dawa zote anazotumia kwenye mfuko mmoja, za mitishamba zikiwemo.