"Redio hii ni yetu wanafunzi": leseni inasema vingine

Kila muhula watangazaji wapya wa redio za vyuo hapa Marekani huniambia neno lile lile: redio ni yetu, vipindi tunapanga wenyewe, nani atatugusa? Kupanga ratiba mnapanga, ndiyo. Lakini mwenye masafa ni yule ambaye jina lake limo kwenye leseni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, na mara nyingi huyo ni chuo.

Waulizeni wa KTRU, redio ya wanafunzi wa Rice. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Rice kiliamua kuuza 91.7 FM, Houston, kwa dola milioni 9.5, na wanafunzi waliokuwa wakikesha studio hawakushirikishwa. Januari 2011 ikawa zamu ya KUSF, redio ya Chuo Kikuu cha San Francisco: matangazo yalikatwa asubuhi, kipindi kikiwa hewani.

Zipo redio zilizojitenga na vyuo mapema. WPRB ya Princeton iko chini ya shirika lake lisilo la faida. Hata hivyo kujitenga si kinga: WBRU, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Brown, nayo ilikuwa na shirika lake, na shirika hilo hilo liliuza 95.5 FM mwaka 2017.

Kwa hiyo nasisitiza jambo ambalo wanafunzi hulikwepa kwa sababu halina muziki ndani yake: ile orodha ya kila robo mwaka ya vipindi vilivyogusa masuala ya mji wenu. Sheria inataka iwekwe kwenye faili la umma, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Ijazeni vizuri, kisha mpelekeeni mkuu wa chuo nakala kabla hajauliza redio ina faida gani. Stesheni yenye ratiba ya muziki mtupu haina cha kumwonyesha.

Kauli nyingine ninazozisikia: "Usiku wa manane ruksa kusema lolote." Hapana. Saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi lugha chafu huvumiliwa. Ponografia ya wazi hairuhusiwi saa yoyote.

"Hatuwezi kupokea pesa za wafanyabiashara." Mnaweza. Mtajeni mfadhili, mahali alipo na anachouza. Msitaje bei, msimsifu, wala msiwaambie wasikilizaji waende kununua.

"Intaneti ndiyo iliyoua redio za vyuo." WXYC ya Chapel Hill ilianza kurusha matangazo yake ya FM kwenye intaneti Novemba 1994, na bado iko hewani kwenye 89.3.