Maji yananuka dawa, tunywe au tumwage?

Suali: Maji ya mfereji siku hizi yananuka kama jiki, bibi kamwaga ndoo nzima kasema yanaleta kansa. Kweli?

Jibu: Bibi hajatunga, ila kamwaga maji mazuri. Harufu ile ni klorini yenyewe, inayouwa vijidudu. Kesi inaanza klorini ikikutana na majani na mizizi iliyooza ndani ya maji, hapo inazaa vitu vyengine, maarufu ni trihalomethani, na klorofomu ni mmoja wao. Mdachi Johannes Rook alivikuta kwenye maji ya Rotterdam akaandika 1974, toka hapo watu wanavifatilia.

Suali: Sasa kansa ipo au haipo?

Jibu: Waliokunywa maji yenye vitu hivyo kwa wingi, miaka na miaka, wameonekana kupata zaidi kansa ya kibofu cha mkojo, ingawa haijathibitika kuwa sababu ndo hiyo. Marekani wameweka kikomo cha trihalomethani zote pamoja, mikrogramu 80 kwa lita. Lakini kipindupindu hakisubiri miaka, kinamkausha mtu kwa siku moja tu, na Zanzibar tunakijua tangu 1978. Mie kati ya hivyo viwili sifikirii mara mbili, nakunywa yenye dawa.

Suali: Kisima chetu Jambiani kina chumvi, dawa tutie?

Jibu: Tieni, ila si kwa kukisia. Chumvi ya bahari inakuja na bromaidi, nayo ikikutana na klorini inazaa bromofomu na wenzake, nazo ni trihalomethani vilevile. Watu wanakosea hapa: ndoo ina matope, mtu anatia kifuniko kimoja cha dawa, akiona maji bado machafu anaongeza cha pili, yaani anazidi kuzipika trihalomethani na vijidudu vyenyewe vimejificha kwenye tope! Acha yatulie, mimina ya juu, chuja kwa kitambaa safi ulichokikunja mara nne, alafu ndo utie dawa kwa kipimo cha kwenye chupa, usubiri nusu saa.

Suali: Nikichemsha je?

Jibu: Trihalomethani nyingi zinaruka na mvuke, kwa hiyo yakitokota ondoa mfuniko dakika chache. Asidi za haloasetiki, ndugu zao waliozaliwa na klorini hiyohiyo, haziruki. Na makaa ya jikoni si yale ya kwenye filta yanayonasa vitu hivi, msijaribu kuchujia.

Bibi harufu ikimkera, yatieni mtungini jioni mfunike, asubuhi itakuwa imepungua, ila kata iwe safi na mikono isiingie.