Je, wajua kwa nini baiskeli hii ina tangi la petroli na haina injini?

Kuna aina ya baiskeli ambayo ukiikuta imeegeshwa utaizunguka mara mbili ukitafuta injini. Ina tangi refu, jembamba, lililobanwa kati ya mabomba mawili ya juu ya fremu. Usukani umeinama hadi chini ya usawa wa kiti, kana kwamba fundi aliufunga miguu juu kichwa chini. Matairi ni manene na yana rangi ya maziwa, madigadi hakuna, waya wa breki hauonekani popote. Injini hutaipata. Ukifungua tangi utakuta spana, pampu na pengine chupa ya maji.

Wanaoziunda, wengi wao Marekani na Ulaya, wanaiga pikipiki za mbio za miaka ya 1910 ambazo zilikimbizwa juu ya mbao. Kila kinachoonekana kituko kwenye baiskeli hiyo kilikuwa na kazi yake kwenye pikipiki. Kazi nyingine bado ipo hata leo, nyingine ilikwisha zamani. Anayetaka kuunda ya kwake asipojua ipi ni ipi atapata pambo la sebuleni lenye pedali.

Tuanze na hizo mbao. Mwaka 1910, huko Playa del Rey karibu na Los Angeles, ulifunguliwa uwanja wa duara wenye mzunguko wa maili moja, sakafu yake yote mbao. Msanifu alikuwa Jack Prince, Mwingereza aliyewahi kutamba katika mbio za baiskeli kisha akageukia kujenga viwanja vya mbao vya baiskeli. Kwa hiyo hakubuni kitu kipya kabisa. Alichukua uwanja wa baiskeli akaukuza. Mbao za inchi 2 kwa 4 zililazwa kwa ubavu, bega kwa bega, zikapigiliwa misumari, na upande wa nje ukainuliwa kama ukingo wa bakuli.

Ule mwinuko ulikuwa hesabu tupu. Chombo kikizunguka kwa kasi hutaka kutoka nje ya mduara, na kwenye sakafu tambarare kinachokizuia ni tairi kung'ang'ania chini, basi. Ukiinamisha sakafu kwa kiasi kinachofaa, sakafu yenyewe inakisukuma kuelekea ndani. Mduara wa maili moja una nusu kipenyo cha kama mita 256. Kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, ambayo Lee Humiston aliifikia hapo hapo Playa del Rey mwishoni mwa 1912 akiwa juu ya pikipiki ya Excelsior, mwinamo unaomaliza kazi yote bila msaada wa tairi ni kama nyuzi 38. Sasa punguza mduara uwe robo maili ili uenee mjini, na kasi iwe kilomita 130. Hesabu inaruka hadi nyuzi 64. Huo si mwinamo tena, ni ukuta.

Na watazamaji walisimama wapi? Juu ya ukuta huo, wakichungulia chini. Tarehe 8 Septemba 1912, kwenye uwanja mdogo wa Newark, New Jersey, pikipiki ya Eddie Hasha ilipanda hadi ukingoni ikawavamia. Alikufa yeye, alikufa mpandaji mwenzake, walikufa watazamaji kadhaa, wengi wao wavulana. Magazeti yakaanza kuviita viwanja hivyo viwanja vya mauaji, na sidhani kama yalikuwa yanatia chumvi.

Pikipiki zenyewe zilikuwa zimevuliwa kila kitu. Breki hazikuwapo. Gia za kubadilisha hazikuwapo, na nyingi hazikuwa hata na klachi. Mpandaji alisukumwa au kuvutwa na pikipiki nyingine mpaka injini iwake. Akitaka kupunguza kasi alikata moto kwa swichi, kisha akaurudisha. Oili nayo haikuzunguka ikarudi kama kwenye injini za leo. Ilipita kwenye injini mara moja, ikatoka na kumwagika njiani, hivyo mbao zikawa na utelezi. Ongeza vibanzi vilivyochomoka kwenye mbao zilizochakaa. Kukosa breki kulikuwa na mantiki yake, lakini: wote wanakwenda upande mmoja, kona ni ile ile, na mmoja akifunga breki ghafla aliye nyuma atampanda mgongoni. Mpaka leo baiskeli za mbio za uwanjani hazina breki kwa sababu hiyo hiyo.

Hapo ndipo undugu unapoonekana. Kampuni ya pikipiki ya Indian ilianzishwa Springfield, Massachusetts, mwaka 1901 na George Hendee, mwanambio wa baiskeli, pamoja na Oscar Hedstrom, fundi aliyekuwa akiunda vyombo vya injini vya kuwaongoza waendesha baiskeli mashindanoni. Indian za mwanzo zilikuwa baiskeli zilizobandikwa injini, pedali zikiwa bado zipo. Kwa hiyo fundi wa leo anayetengeneza baiskeli kwa sura ya pikipiki ile anamrudishia mama nguo iliyoazimwa na binti.

Tangi lilikuwa jembamba kwa sababu lilikaa kati ya mabomba ya fremu na magoti ya mtu yalipita pembeni yake. Sharti hilo bado liko pale pale, tena limekaza zaidi, maana kwenye baiskeli magoti hayatulii. Likizidi upana wa sentimita nane au tisa utalipiga kwa goti kila mzunguko. Mafundi wenye akili hukata kwanza boksi la karatasi ngumu, hulifunga kwenye fremu kwa kamba, hukaa, hupiga pedali, hupunguza, na hapo ndipo wanapogusa bati. Tangi la sentimita 60 kwa 15 kwa 8, la bati la chuma la milimita 1, lina uzito wa zaidi kidogo ya kilo mbili. La alumini la unene huo huo halifiki kilo moja. Wengine huficha humo betri ya mota ya umeme, na huo ndio utumizi wa tangi ninaouheshimu kuliko wote, kwa kuwa linarudi kubeba nishati.

Usukani wa kuinama ni habari nyingine. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Aliyekwenda kilomita 160 kwa saa alipambana na hewa mara 64 zaidi ya wewe unayekwenda kilomita 20. Yeye alilala juu ya tangi kwa sababu za kweli; wewe ukilala ni kwa ajili ya picha. Mbaya zaidi, yeye hakuhitaji miguu. Wewe ukiwa na kiti cha chini na usukani wa chini, magoti yatakukuta kifuani na baada ya kilomita mbili utashuka usukume. Njia ya kutoka ni kusogeza ekseli ya pedali mbele kwa sentimita kadhaa, ili kiti kibaki chini lakini mguu unyooke vizuri. Ndiyo maana fremu hizi huwa ndefu hivyo.

Lakini urefu huo una bei, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Ili gurudumu la mbele likae mbali, fundi huilaza shingo ya fremu. Chora mstari unaopita katikati ya shingo hadi uguse ardhi. Tairi inagusa ardhi nyuma kidogo ya hapo, na umbali huo ndio unaoifanya baiskeli ijinyooshe yenyewe ukiwa mwendoni. Baiskeli ya kawaida ya lami ina shingo ya nyuzi 73 hivi kutoka usawa wa ardhi na umbali wa karibu milimita 60. Ilaze shingo hadi nyuzi 66 ukiacha foko ile ile yenye mkunjo wa milimita 45, na umbali unapanda hadi kama 107. Kwenye mwendo mkali itanyooka kama treni. Kwenye mwendo wa kuingia getini usukani utakuwa mzito na utataka kuanguka upande mmoja. Dawa ni foko iliyokunjwa zaidi mbele: mkunjo ukifika milimita 75, umbali unarudi karibu na 74 na mikono inapumua.

Mafundi wa zamani walilijua hilo. Itazame Phoenix au Black Mamba yoyote iliyobebeshwa magunia ya mkaa: shingo imelala, foko imepinda mbele kama shingo ya kuku anayekunywa maji. Ni umbo la Kiingereza la zama zile zile za mbio za mbao, likaigwa India na China, likatufikia huku karibu bila kubadilishwa.

Matairi meupe hayakuwa urembo. Mpira wa zamani uliochanganywa na oksaidi ya zinki ulikuwa na rangi ya maziwa au kijivujivu. Kuanzia miaka ya 1910 viwanda vikaanza kutia masizi laini ya kaboni, tairi zikawa nyeusi na zikadumu mara nyingi zaidi. Leo zinatengenezwa zenye rangi ya krimu makusudi, nzuri kwa macho, mpaka mvua ya kwanza ya udongo mwekundu.

Kuhusu kuunganisha chuma: usikubali fundi akutengenezee fremu kwa mabomba ya maji. Ni mazito, na yale ya mabati yakichomelewa zinki yake hugeuka moshi unaomtia fundi homa ya usiku mzima. Mabomba ya fremu za zamani za chuma ni membamba na welding ya fimbo huyatoboa kirahisi. Kuyaunga kwa shaba ya manjano na gesi ni salama zaidi, kwani shaba hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto 900 hivi na chuma chenyewe kinabaki kigumu.

Na breki? Sura ya asili haina, na nimeona picha za watu wanaojivunia kuifuata. Uwanja wa mbao haukuwa na bodaboda inayokata mbele yako, wala mbuzi. Habu ya nyuma inayofunga ukirudisha pedali nyuma inamaliza ubishi: breki iko ndani, haina waya, na macho hayaoni kitu. Ila mnyororo ukikatika au ukichomoka breki inaondoka nao, kwa hiyo habu ya mbele ya breki ya ngoma ni lazima, waya wake ukipitishwa ndani ya usukani kama unaona aibu.

Mwenye Phoenix iliyolala nyuma ya nyumba ana zaidi ya nusu ya kazi tayari. Toa karia, madigadi, kava la mnyororo na, ukishafunga zile habu mbili za breki, zile fimbo za breki. Geuza usukani. Rimu za inchi 28 zinafaa, foko inafaa, shingo iko kwenye nyuzi zinazotakiwa. Kinachobaki ni kukata boksi la karatasi, kulifunga chini ya bomba la juu, na kuona kama magoti yanapita.