Goti linalouma usiku: binti wa netiboli anatusaidia kuelezea saratani ya vijana huku Kigoma

Habari zenu wana Kigoma na wengine wote mnaosoma. Leo naomba tuongee kuhusu saratani kwa vijana. Sio ile ya matiti wala ya shingo ya kizazi ambazo redioni mshazisikia mpaka mmezoea, naongelea watoto wetu wa sekondari, miaka 12 mpaka 19 hivi, ambao mtu ukimwambia wanaweza kupata kansa anakuangalia tu, "mtoto mdogo hivi kansa kaitoa wapi?" Mimi nafanya kazi upande wa mifupa kwenye hospitali ya mkoa na ndio tunaotumwa kutoa elimu mashuleni na vijiweni, kwahiyo hilo swali naulizwa kila kona, Ujiji, Mwanga, Gungu, hadi kule Uvinza.

Siku hizi tukienda mashuleni tunaongozana na binti mmoja wa kidato cha pili (nimebadilisha vitu vidogo vidogo asije akajulikana, yeye na mama yake wamekubali nieleze). Alikuwa anacheza netiboli, mrefu, wenzake walishamuweka kwenye hesabu za UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya sekondari. Goti la kushoto likaanza kuuma. Kila mtu akasema ameteguka mazoezini, na kweli alikuwa ameanguka siku moja uwanjani, basi ikawa ndio maelezo ya kila kitu. Bibi akamchua na mafuta ya mise, yale ya michikichi, fundi wa mifupa wa mtaani akamkanda na kumfunga vijiti, kuna kituo wakampa vidonge vya maumivu na kumwambia apumzike, na hakuna aliyempiga picha hata moja. Maumivu mchana yanapungua, usiku yanarudi mtoto halali.

Aliyeshtuka ni mama yake, na wala sio kwasababu ya elimu yetu. Mama ni fundi cherehani, alikuwa anampima sketi mpya ya shule, akiwa na futi shingoni akaona goti moja limejaa, akazungusha futi goti la kulia halafu la kushoto, la kushoto limezidi kwa sentimita nne. Akarudia akidhani amekosea kushika futi. Kesho yake asubuhi walikuwa kwetu, na ile eksirei tulivyoiweka kwenye mwanga hakuna aliyeongea kwanza. Ukingo wa mfupa umechafuka, haueleweki unaishia wapi.

Hiyo ndio osteosakoma. Ni saratani ya mfupa yenyewe, na katika saratani zinazoanzia kwenye mifupa ndio inayowapata vijana zaidi, hasa kile kipindi mtoto anarefuka ghafla mpaka suruali ya mwaka jana inakuwa kaptula. Inapenda sehemu ambazo mfupa unakua kwa kasi, zaidi kuzunguka goti, yaani mwisho wa paja na mwanzo wa ugoko, halafu juu ya mkono karibu na bega. Kuanguka hakuileti. Watu wengi sana wanaamini ule mpira au ile pikipiki ndio ilileta kansa, hapana, kuanguka kunafanya tu mguu uangaliwe, na mara nyingi ndio kunatupoteza maboya maana kila mtu anatibu jeraha la kuanguka wakati ugonjwa wenyewe unaendelea kula mfupa.

Kuna kijana mmoja wa Canada wengi hamjamsikia, Terry Fox. Novemba 1976 alipata ajali ya gari, akabaki na goti linauma. Alikuwa mchezaji wa basketi, maumivu yakarudi Desemba akayapuuza ili amalize msimu wa mechi, mpaka Machi 1977 yakamzidi. Ilikuwa osteosakoma, akiwa na miaka 18, mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti. Yeye mwenyewe aliamini ile ajali ndio ilidhoofisha goti, madaktari wakamwambia hakuna uhusiano. Unaona jinsi habari ya Canada inavyofanana na ya hapa Mwanga? Hospitali walimwambia ana nafasi kama ya 50% kuishi, na kwamba miaka miwili tu kabla yake ingekuwa 15%. Kilichobadilika ni dawa na utafiti, ndio maana akaamua kuchangisha hela za utafiti. Aprili 1980 akaanza kukimbia kuvuka nchi yake na mguu wa bandia, akilenga kilomita 42 kwa siku, siku 143, jumla kilomita 5,373. Reli ya kutoka hapa Kigoma mpaka Dar ni kama kilomita 1,250, kwahiyo hiyo ni kwenda na kurudi mara mbili na bado una deni. Septemba mosi 1980 akasimama kwasababu saratani ilikuwa imefika mapafuni, akafariki Juni 28, 1981, akiwa na miaka 22.

Nawasimulia habari zake sio ili mtoto wako mgonjwa naye akimbie. Hapa nina neno na nyie watu wazima. Mtoto akipata saratani tunapenda sana kumwita shujaa, tunamtengenezea bango, tunapiga naye picha tunarusha kwenye magrupu ya michango hata yeye hajaulizwa kama anataka kuonekana hana nywele. Binti wetu tulipomtolea wazo la bango alikataa palepale. Akasema, "Msiandike shujaa. Andikeni nilichuliwa mise miezi minne." Bango halikutengenezwa, ila lile neno lake ndilo tunalolitumia kila shule, na nawaambia ukweli limeleta watu hospitali kuliko vipeperushi vyetu vyote vyenye utepe wa dhahabu, ile alama ya saratani za watoto.

Anachofanya yeye ni hivi. Anasimama na magongo yake mbele ya darasa, anamuita mchezaji mmoja wa chandimu na mmoja wa netiboli, anatoa futi ya mama yake, anapima magoti yote mawili ya kila mmoja mbele ya wenzao, wanacheka, halafu anawauliza maswali matatu. Linauma usiku umelala? Limeanza lini? Linavimba au linapungua? Maumivu ya kuumia mazoezini yanaenda yanapoa ndani ya wiki mbili tatu ukipumzika. Yakizidi hapo, yakiwa yanakuamsha usiku, au pana uvimbe mgumu unaokua hata ukiwa umepumzika, usichuliwe tena, nenda ukapigwe eksirei. Haisemi kila kitu lakini ndio mlango wa kuingilia. Ikionyesha mashaka tunakupa rufaa, unakatwa kinyama kidogo kwenye uvimbe kikapimwe, na tafadhali kile kinyama kikatwe kule ambako mtoto atatibiwa, sio kila mahali penye wembe. Suala la kukanda na kuchanja chale juu ya uvimbe ndio kabisa acheni, mnapoteza muda na mnaacha kidonda ambacho kitaleta shida kwenye matibabu.

Sasa tufike pale panapouma, kukata mguu. Matibabu yake kwa kawaida ni dripu za dawa za saratani kwanza, halafu upasuaji, halafu dripu tena. Zamani walikuwa wanakata tu, na watoto wengi bado walikufa baadae kwasababu mbegu ndogo za ugonjwa zilishafika mapafuni kabla ya kukatwa, hazionekani kwenye picha, ndio maana zile dripu ni za lazima hata kama uvimbe umeshatolewa. Kuna hospitali duniani wanatoa mfupa mbovu na kuweka chuma mguu ukabaki, ila mtoto akija uvimbe umeshakuwa mkubwa hivyo, mara nyingi kinachobaki ni kukata. Hapo ndipo tunapopoteza familia nyingi. Baba anasema "ngoja nikajadiliane na ndugu", wanaondoka na faili, hatuwaoni mpaka miezi imepita, na wakirudi mtoto anakohoa. Baba, mjomba, mashangazi, kikao cha ukoo kina haki yake, sijakataa, ila kifanyike wiki hiyohiyo, na mtoto mwenyewe awepo kwenye kikao maana mguu ni wake. Binti wetu ndiye aliyemaliza ubishi nyumbani kwao, wajomba wanabishana kuhusu mahari na nani ataoa msichana wa mguu mmoja, yeye akawaambia, "Shikamooni wajomba, mimi nataka kwanza nifanye mtihani wa kidato cha nne." Wakanyamaza.

Nisiwafanye mkadhani ni mifupa tu. Huku kwetu penye malaria kuna saratani nyingine inaitwa Burkitt, jina la daktari Denis Burkitt aliyeiandika mwaka 1958 akiwa Uganda, baadae akazunguka nchi kibao za Afrika na gari kuangalia inapatikana wapi, akakuta inafuata maeneo ya joto na mvua, kulekule malaria iliko. Mara nyingi taya la mtoto linavimba, meno yanalegea, watu wanakimbilia kung'oa, au tumbo linajaa haraka. Inakua kwa kasi ya ajabu, lakini ni katika zile zinazosikia dawa vizuri sana ukiwahi. Dalili nyingine za saratani kwa watoto ni uvimbe shingoni kama mtoki usiouma na hauishi, homa za kila siku na kupauka na kutoka damu puani wakati kipimo cha malaria hakina kitu, na kichwa cha asubuhi kinachokuja na kutapika. Sio kila uvimbe ni kansa, mingi sio. Ila hiyo iliyogoma kuisha haitaki kubahatishwa.

Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka kama watoto na vijana 400,000 wa umri wa 0 mpaka 19 wanapata saratani. Kwenye nchi tajiri zaidi ya 80% wanapona, kwenye nchi zetu hizi ni chini ya 30%. Miili ya watoto ni ileile jamani. Tofauti ni kuchelewa kugundua, dawa kukosekana na watu kuacha matibabu katikati. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa dunia nzima wa kufikisha angalau 60% ifikapo 2030, na hiyo habari ya kuacha katikati haihitaji mashine kutoka Ulaya, inaanzia nyumbani. Dripu ya kwanza au ya pili uvimbe unasinyaa, mtoto anacheka, mnasema amepona turudi tukalime. Haujaisha ule, umejificha.

Kutoka huku mtapelekwa Bugando kule Mwanza, basi la Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, safari ya kuchoka kweli, au Muhimbili Dar ambako wodi ya saratani za watoto matibabu yanatolewa bure kwa kushirikiana na shirika la Tumaini la Maisha. Matibabu kuwa bure haina maana safari ni bure, nauli, chakula, mzazi anaacha biashara miezi kadhaa, kwahiyo kabla hamjaondoka nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkaeleze hali yenu, msione aibu, ndio kazi yao ile. Michango ya ndugu nayo msiimalize yote kwenye safari ya kwanza.

Na mkiwa kwenye dawa kuna jambo moja nalirudia kwa kila mama mpaka ananichoka. Zile dripu zinashusha kinga ya mwili, kwahiyo mtoto akipata homa katikati ya matibabu, hata kama ni usiku wa manane, hapewi panadoli akalala, anapelekwa hospitali muda huohuo na unamwambia nesi wa mapokezi "huyu yuko kwenye dawa za saratani" kabla hata hujakaa kwenye benchi. Nywele zitatoka, zitaota tena. Vidonda vya mdomo vinatibika. Ila homa haisubiri kupambazuke.

Walimu, mwanafunzi akirudi shuleni saratani haiambukizi, wala kwa kukaa dawati moja, wala kula sahani moja, kwahiyo asitengwe kwenye kiti cha nyuma peke yake. Ila mwenzake mwenye tetekuwanga au surua ndiye asimsogelee, hapo mgonjwa ndiye anayehitaji kulindwa na darasa. Asilazimishwe mchakamchaka, na darasa lake kama liko ghorofani lihamishiwe chini. Binti wetu anafundishwa hesabu za kidato cha pili alizozikosa na dada mmoja wa kidato cha nne, jioni, wakati mama bado yuko kwenye cherehani. Netiboli sasa ni refa, na kwa taarifa yenu ni refa mkali, juzi alisimamisha mechi akamtoa kipa nje kwasababu alimuona anachechemea, akamwambia hakuna kurudi uwanjani mpaka alete picha ya eksirei.