Mpango wa usalama si kofia ngumu pekee

Wenye majengo wengi jijini Mwanza huamini kwamba mkandarasi akishagawa kofia ngumu na viatu, mpango wa usalama umekamilika. Sivyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awahakikishie wafanyakazi usalama kazini, na vifaa vya kujikinga ni kinga ya mwisho, baada ya hatari yenyewe kuondolewa au kupunguzwa. Kwenye miteremko ya Bugando, ambako msingi huweza kuchimbwa chini ya mawe makubwa, mpango wa kweli hueleza mapema nani atakagua jiwe lililolegea, hasa baada ya mvua, na nani ana mamlaka ya kusimamisha uchimbaji. Kofia haizuii jiwe la tani kadhaa. Vibarua wa siku moja nao waelezwe hayo kabla hawajashika sururu.