Ripoti ya CAG: watu wanavyodhani na ilivyo

Kila mwisho wa Machi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG, humkabidhi Rais ripoti zake za mwaka. Aprili zinatua mezani bungeni Dodoma, na kuanzia hapo vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp ni mabilioni tu: yameliwa, yamepigwa, yametoweka. Baada ya wiki mbili mjadala umeshapoa. Inauma, kwa sababu mwananchi hana nyaraka nyingine inayomweleza kwa undani kiasi hiki namna kodi yake inavyotumika, na hii anaisoma vichwa vya habari peke yake.

"Halmashauri yetu imepata hati safi, kwa hiyo hakuna aliyeiba."

Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote, maana hata viongozi huipigia makofi jukwaani. Hati ni maoni ya mkaguzi juu ya jambo moja: je, taarifa za fedha zilizoandaliwa na taasisi zinaonyesha hali halisi kwa kufuata viwango vya uhasibu wa sekta ya umma? Zikionyesha, hati inaridhisha, na hiyo ndiyo inayoitwa hati safi. Zikiwa na dosari kubwa mahali fulani, hati ina shaka. Dosari zikienea hesabu nzima, hati hairidhishi. Na nyaraka zikikosekana kiasi kwamba mkaguzi hana pa kusimamia, anashindwa kutoa maoni kabisa. Hizo mbili za mwisho ndizo magazeti huziita hati chafu.

Chukua zahanati iliyojengwa kwa Sh. milioni 90. Vitabuni imeandikwa milioni 90, hati za malipo zipo, stakabadhi zipo, mkataba upo. Hesabu zimekaa sawa. Kama bei ya saruji ilipandishwa tangu kwenye zabuni, au jengo limekamilika na halina maji, hati bado inaweza kuridhisha. Kasoro hizo zinaandikwa kwenye sura za manunuzi na usimamizi wa miradi ndani ya ripoti ileile, au kwenye ripoti za ukaguzi wa ufanisi. Anayeishia kwenye jedwali la hati anakosa sehemu yenye nyama.

Tena mkaguzi hapitii kila risiti. Anachagua sampuli, akianza na maeneo yenye hatari zaidi, na anaweka kiwango ambacho kosa lililo chini yake haliwezi kubadilisha maoni. Wizi mdogo unaojirudia kila wiki kwenye geti la mnada unaweza kupita chini ya kiwango hicho.

"Kila shilingi iliyotajwa kwenye ripoti imeibwa."

Hoja ya ukaguzi, yaani kasoro anayoiandika mkaguzi ili ijibiwe, ni neno pana. Ndani yake kuna malipo yasiyo na viambatisho, ambayo hati zake huenda zilipotea au hazikuwahi kuwepo. Kuna mapato ambayo hayakukusanywa, riba iliyolipwa kwa sababu mkandarasi alicheleweshewa fedha zake, dawa zilizoisha muda wake ghalani, na fedha za mradi zilizofika Juni na kubaki bila kutumika. Kuna pia ubadhirifu wa wazi. Kila kimoja kina mhusika wake na dawa yake, na kuvijumlisha vyote kuwa "wizi" kunamsaidia mwizi wa kweli ajifiche kwenye msongamano.

Mfano unaokumbukwa ni wa Aprili 2018. Ripoti ya mwaka wa fedha 2016/17 ilionyesha mapato ya Sh. trilioni 25.3 na matumizi ya Sh. trilioni 23.79. Tofauti, takribani trilioni 1.5, ikageuka mtaani kuwa fedha zilizopotea. Serikali ilijibu bungeni kwamba ndani ya tofauti hiyo kulikuwa na hatifungani zilizoiva (mikopo ya Serikali iliyofikia muda wa kulipwa), mapato tarajiwa, na mapato yaliyokusanywa kwa niaba ya Zanzibar. Hilo la mapato tarajiwa linahitaji kueleweka. Uhasibu ambao Serikali ilikuwa inahamia huandika mapato pale mlipakodi anapoanza kudaiwa, hata kama hajaleta senti. Kwa hiyo kitabu kinaweza kuonyesha fedha ambazo benki haina. Mtu ana haki ya kutoridhika na majibu yale, na wengi hawakuridhika. Ila swali lenye makali lilikuwa hili: kila kipengele kina nyaraka gani, na kwa nini hazikuonekana wakati wa ukaguzi?

Mahali pa kukazia macho ni makusanyo ya mashine za POS, zile za mkononi ambazo halmashauri hukusanyia ushuru. Mkusanyaji ushuru anatoa risiti, fedha zinabaki mkononi mwake hadi azipeleke benki, na mfumo unaonyesha deni lake. Mianya inajulikana: mashine inakaa nje ya mtandao kwa siku nyingi, miamala inafutwa au kurekebishwa bila idhini, mkusanyaji anaondoka kazini akiwa na deni. Hoja ya namna hii ikijirudia miaka mitatu mfululizo katika halmashauri moja, haiwezi kuitwa bahati mbaya. Hali kadhalika mikopo ambayo halmashauri hutoa kwa vikundi kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi visivyopatikana na marejesho yasiyofika yaliandikwa mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 2023 Serikali ikasitisha utoaji wake ili kupanga utaratibu upya.

"CAG ameona uozo, mbona hakamati mtu?"

Hana mamlaka hayo. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inamtaka, akibaini dalili za jinai, avitaarifu vyombo vya uchunguzi, kama TAKUKURU, na Mkurugenzi wa Mashtaka. Upande wa Bunge kuna kamati mbili za hesabu: PAC inashughulikia Serikali Kuu na LAAC inashughulikia serikali za mitaa. Anayeitwa kujibu ni Afisa Masuuli: katibu mkuu wa wizara, au mkurugenzi wa halmashauri. Pengo ni la muda. Ripoti inatoka Aprili, na mjadala wenyewe bungeni kwa kawaida unakuja Novemba. Katika miezi hiyo mtumishi anaweza kuwa amehamishwa, na mafaili yakawa yamehama chumba.

Muda huohuo unapotosha kwa njia nyingine. Ripoti inayotoka Aprili inahusu mwaka ulioishia Juni 30 ya mwaka uliotangulia. Mkurugenzi anayezomewa leo huenda aliripoti kituoni wiki iliyopita.

"Rais asipotaka, ripoti inaishia kabatini."

Ibara ya 143 ya Katiba inataka ripoti ifike bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kianze. Rais asipochukua hatua, CAG anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Kuhusu kumwondoa CAG, ibara ya 144 imeweka masharti na utaratibu wake. Profesa Mussa Assad, CAG wa wakati huo, aliondoka mwaka 2019 kwa maelezo kwamba miaka mitano imetimia. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuondolewa huko kulikwenda kinyume na Katiba.

"Ni kazi ya wahasibu, sisi tutaelewa nini?"

Fungua tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, chukua ripoti ya serikali za mitaa, kisha tafuta jina la halmashauri yako kwenye viambatisho. Angalia mwaka kwanza, halafu hati, halafu soma sababu zilizomfikisha mkaguzi kwenye hati hiyo. Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye hali ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita: mangapi yametekelezwa, mangapi yanaendelea, mangapi hayajaguswa. Safu hiyo ya mwisho inasema mengi kuliko hati yenyewe.

Andika namba za hoja mbili au tatu zinazogusa kata yako. Kila halmashauri huwa na kikao maalumu cha baraza la madiwani cha kujadili hoja za CAG, mara nyingi Juni, na Mkuu wa Mkoa huhudhuria. Muulize mtendaji wa kata tarehe yake, na mpe diwani wako zile namba kabla ya siku hiyo. Diwani anayeuliza "hoja hii imefungwa kwa nyaraka ipi?" anamlazimu mkurugenzi kuionyesha mezani, na jibu linaingia kwenye muhtasari wa kikao.