Gari kuchemsha maana yake nini, hasa kwenye dizeli ya zamani

Mtu akisema gari lake linachemsha, mara nyingi ana maana ya jambo moja kati ya matatu: mshale wa joto umepanda, rejeta inatema maji, au maji yanapungua kila siku na hayaonekani yanakokwenda. Fundi mwenye haraka huyatibu yote matatu kwa namna moja. Anatoa themostati (kilango cha maji kinachofunguka chenyewe injini ikipata joto), anajaza maji ya bomba, anakuruhusu uondoke. Wiki haiishi, uko pembeni mwa barabara na boneti liko juu.

Injini huchemsha pale inapozalisha joto jingi kuliko mfumo wa kupoza unavyoweza kulitoa. Kwenye dizeli ya zamani, takribani theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta ndiyo inayolisukuma gari. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni joto, jingine linatoka kwa eksozi, jingine linabebwa na maji. Maji hayo yanasukumwa na wota pampu, yanapita kwenye bloku na silinda hedi, yanakutana na themostati (nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 au 88, namba yake imegongwa juu ya chuma chenyewe), yanaingia rejeta, yanapozwa na upepo, yanarudi injini. Kwa hiyo ukiona joto limezidi, ama linazalishwa kupita kiasi, ama limekwama mahali fulani kwenye njia hiyo.

Kuna kifaa kidogo ambacho watu wengi hawakihesabu: mfuniko wa rejeta. Soma juu yake utakuta 0.9 au 1.1. Hicho ni kipimo cha presha ambayo mfuniko unaizuia kabla ya kuachia. Pwani maji ya wazi yanachemka nyuzi 100. Iringa mjini, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, yanachemka karibu nyuzi 95. Mfuniko mzima wa 0.9 unakisogeza kiwango hicho, kwa maji matupu pale pwani, hadi karibu nyuzi 118. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inakipandisha zaidi, tena inazuia kutu. Sasa fikiria mfuniko ambao mpira wake umekauka na springi imelegea. Injini iko kwenye joto la kawaida kabisa, lakini maji yanachemka na kumwagika kwa sababu hakuna presha ya kuyashikilia. Gari halikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya mfuniko. Anza hapo, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huo.

Baada ya mfuniko, swali la maana ni hili: linachemsha wapi? Dizeli ina tabia yake. Ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta (mafundi huita sailensa), inachoma mafuta kidogo sana na kuvuta hewa nyingi, hivyo hutoa joto dogo kuliko petroli ya ukubwa uleule. Ndiyo maana dizeli yenye kasoro inaweza kukaa foleni ya Ubungo saa nzima bila shida, halafu ikafia Mlima Kitonga ikiwa na abiria na mizigo. Mlimani ndipo mafuta mengi yanachomwa, turbo imejaa, mwendo ni mdogo na upepo wa mbele haupo.

Ikichemsha foleni na ikapoa ukishika kasi, mshukiwa wa kwanza ni feni. Magari kama Prado na Surf za miaka ya 1990 yana feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Hewa ya rejeta ikipata moto, klachi inashika na feni inaanza kuvuma. Zima injini ikiwa ya moto kweli, hakikisha ufunguo umetoka, kisha sukuma feni kwa mkono. Ikigoma na kusimama baada ya kuzunguka kidogo, ni nzima. Ikiendelea kuzunguka yenyewe kwa wepesi, au ukiona uchafu wa mafuta umeganda katikati ya klachi, imekufa. Kuna mafundi wanaoifunga kwa boliti izunguke muda wote. Inasaidia kufika nyumbani, ila itakula mafuta na kupiga kelele kama trekta.

Ikichemsha mlimani tu, geukia rejeta. Kwanza nje: kati ya kondensa ya AC na rejeta hujaa vumbi, wadudu na majani, na ukitazama kwa mbele huoni kitu. Ipulizwe maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa presha ndogo isije ikalaza mapezi yake. Kisha ndani. Gari lililoishi kwa maji ya kisima yenye chumvi huwa na mirija iliyoziba nusu. Kipimajoto cha kulenga, kile wanachokiita bunduki, kinaonyesha haraka: pitisha juu ya rejeta injini ikiwa ya moto, na sehemu iliyopoa ghafla kuliko jirani zake haipitishi maji. Usisahau breki zinazobana na nozeli zinazomimina mafuta kupita kiasi. Hizo zinaongeza joto hata kama rejeta ni mpya.

Maji yakipungua bila kuvuja nje, hapo ndipo tumbo linaanza kuuma. Injini ya dizeli ya Toyota 1KZ-TE, lita 3.0 yenye turbo, ina hedi ya aluminiamu inayojulikana kwa kupata nyufa ikishachemshwa. Uchunguzi ni asubuhi, injini imepoa kabisa. Fungua mfuniko, jaza maji hadi shingoni, mwambie mtu awashe, nawe utazame. Kiputo kimoja kimoja mwanzoni ni hewa iliyokwama, hasa kwenye gari lenye hita ya nyuma. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili nyingine ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata moto. Joto halijafika, presha imetoka wapi? Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inathibitisha, lakini usiisubiri. Hedi nyingi zenye ufa hazichanganyi oili kabisa.

Nirudi kwenye themostati, maana hili linaniudhi. Kuitoa si tiba. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi inatoa moshi, inakula mafuta na kuchakaza silinda. Na kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani cha chini ambacho, ikifunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi daima, na sehemu ya maji haipozwi. Yaani umetoa kitu ili gari lisichemshe, na mlimani linachemsha zaidi. Kama unaishuku, ichemshe kwenye sufuria ya maji. Inafunguka au haifunguki, utaiona kwa macho.

Mshale wa joto nao usiuamini sana. Kwenye magari mengi unakaa katikati joto likiwa limebadilika kwa nyuzi nyingi, kwa hiyo ukianza kupanda ujue umechelewa. Kibaya zaidi, maji yakimwagika yote, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka. Dereva anafurahi, hedi inaungua. Mshale ukishuka ghafla mlimani na hita ikaanza kupuliza ubaridi, simama.

Ukisimama, usifungue mfuniko kwa angalau nusu saa na usimwage maji baridi juu ya injini. Na ikiwa hatimaye hedi itafunguliwa, usikubali ikwanguliwe na kurudishwa na gasketi mpya tu. Ipelekwe kwanza kwa wanaopima hedi kwa presha ya maji ya moto, kwa sababu ufa mwembamba kati ya valvu mbili hauonekani kwa macho, na kuikwangua hakuuondoi.